Mutuambie kwanza shida, kisha mulete mashini

Hapa Mahagi-Port wachimbaji wa dhahabu wanaombwa tena kuandikwa ndani ya tablete. Picha, majina, namba ya telefone, kijiji cha kuzaliwa, shimo analofanyia kazi: vyote viingie ndani ya kompyuta, kisha kila mmoja apate karte yenye kode. Na kila memba atoe mchango wake. Sisi wa sendika hatujasema ndiyo, wala hatujasema hapana. Tumesema: mutujibu kwanza maulizo yetu. Tangu tuliposema vile, kuna wakubwa wanaotembea wakisema eti watu wa sendika wanaogopa maendeleo.

Hapana, wandugu. Kompyuta hatuiogopi. Dhahabu ya Kilo ilionekana mwaka 1903, na tangu pale kila kizazi cha wafanyakazi wa Kilo-Moto kimeona mashini mpya ikiingia, kikajifunza kuiendesha. Leo kule Kibali, mu Haut-Uele, mgodi ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2013, mtu anakaa juu ya ardhi, anaongoza mashini inayobeba mawe chini kabisa. Chenye tunaogopa ni mradi usiokuwa na mwenyewe, usiokuwa na mwisho, na ambao hakuna aliyeuliza unaponya ugonjwa gani.

Hatusemi hewani. Miaka iliyopita lilikuja shirika moja, jina tunaliacha. Vijana wake walipita ku mashimo siku tano, wakapiga picha, wakaandika majina. Aliyeitwa Ukelo akaandikwa Okello, sawa vile wanaandika ng'ambo ya ziwa. Mtoto wa Mahagi akageuka Muganda ndani ya kompyuta. Rezo haikuwa, majina yakabaki ndani ya tablete yakingoja. Neno la siri lilikuwa ndani ya kichwa cha kijana mmoja tu, naye akapata kazi ingine mbali. Tukiuliza, jibu ni lile lile: "Mambo iko Kinshasa." Karte hazikufika mpaka leo. Lakini listi, kumbe, ilifika. Kopi yake ya karatasi ilionekana ku site moja, mtu akisoma majina kwa sauti: asiyekuwa humu, aondoke. Kuna wazee waliochimba pale miaka kumi, wakatolewa ju ile wiki ya kuandikwa walikuwa wamevuka kwenda Panyimur kuzika ndugu yao.

Ni vile tunasema: mradi wa kompyuta ukiharibika, haiharibiki kompyuta. Anaharibika mtu.

Watu wa mashirika wanapokuja wanatuambia kuendesha mradi ni elimu ya Wazungu, inafundishwa ku université. Sisi tunasema mchimbaji anaijua tangu zamani. Mtu hafungui shimo ovyo. Mbele ya piki ya kwanza, PDG wa shimo anaita watu wake wakae chini. Dhahabu tunaitafuta upande gani, na nani aliiona? Tutashuka metre ngapi? Nani analeta miti ya kushikilia ukuta, nani analeta motopompe, nani analisha watu mpaka jiwe lionekane? Tukifika ku maji, tunafanya nini? Tukikosa, nani anabeba deni? Na tukipata, tunagawana namna gani? Maneno haya yakiisha, ndipo piki inashuka. Mwenye kuruka maneno haya, shimo linamwangukia, tena mara nyingi linaangukia wale aliowatuma chini.

Basi mradi wa kompyuta ni shimo. Uko na kazi inayotakiwa, wakati, na pesa. Ukiongeza kazi bila kuongeza wakati wala pesa, ukuta unaanguka. Uko na mwenyewe, uko na hatari zake, uko na siku ya kumaliza. Ju ya ile tunauliza maulizo yetu.

La kwanza: shida ni nini? Hili ndilo kubwa, na ndilo watu wanaruka. Kule Japani, ku kompani ya Toyota, wafanyakazi walifundishwa kwamba mashini ikisimama usikimbilie kubadilisha kipande. Uliza "kwa nini" mara tano, moja juu ya nyingine, mpaka ufike ku mzizi. Tujaribu hapa. Wanasema shida ni kwamba wachimbaji hawana karte. Kwa nini hawana? Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inataka kila mchimbaji wa mikono awe na karte na awe ndani ya koperative. Karte iko basi ku sheria, lakini biro ya kuitoa iko mbali. Kwa nini hawaendi? Ju kwenda na kurudi ni siku nyingi bila kula, tena njia haina usalama. Wale waliokwenda mara moja, kwa nini hawakurudi kuifanya upya mwaka uliofuata? Ju waliona haikuwasaidia. Kwa nini haikuwasaidia? Ju ku bariere, mwenye karte na asiye na karte wanatoa pesa ile ile. Na kwa nini wanatoa? Ju mwenye kusimamisha watu pale haulizwi na mtu.

Mumeona? Tulianza ku karte, tumefika ku bariere. Ugonjwa uko barabarani, na dawa inapelekwa ndani ya tablete. Muweke kode juu ya karte, muweke picha ya rangi, mwenye bariere hataisoma. Kama wakubwa wanataka kutusaidia, kazi ya kwanza haiko ya fundi wa kompyuta. Na kama wanaona tumekosea, kwamba shida ni ingine, waiandike kwa maneno mawili matatu tuone. Mtu asiyeweza kusema shida kwa maneno mafupi hajaijua.

La pili: nani mwenye mradi? Hatutaki kusikia "ni wafadhili", "ni Kinshasa", "ni comité". Shimo liko na PDG, na jina lake linajulikana. Tunataka jina la mtu mmoja ambaye mambo yakikwama ndiye anasimama mbele yetu. Na neno la siri lijulikane na watu wawili, mmoja wao mu biro ya hapa. Kijana akipata kazi mahali pengine, tunamtakia heri. Asiondoke na majina yetu.

La tatu: pesa inatoka wapi, na tunalipia nini? Hapa inchi nzima iko na kumbukumbu. Mwaka 2020 ilianza ile taxe ya RAM, registre ya telefone. Wakasema itapiga vita telefone za wizi na za bandia. Mwenye telefone ndogo alikatwa dola 1 kwa mwaka, mwenye telefone ya intaneti dola 7, na pesa ilikatwa ndani ya inite alizonunua kwa kuongea. Mama muuza samaki hakuona telefone moja iliyoibiwa ikirudi. Aliona inite zikiisha. Watu walilalamika, wabunge walilalamika, na mwanzo wa 2022 ile taxe ikaondolewa. Somo ni jepesi: usikate pesa ya mtu mbele ya kumuonyesha faida. Sisi hatukatai kuchanga. Sendika inaishi na michango. Lakini tuonyeshwe karatasi: kununua ni ngapi, kufundisha watu ni ngapi, kutengeneza kikiharibika ni ngapi, na mwaka wa pili, wafadhili wakiisha kwenda, nani analipa.

La nne: mumejaribu wapi? Mnamo 2023, karte za electeur zilizotolewa kwa ajili ya uchaguzi zilianza kufutika miezi michache tu baada ya kutolewa. Picha ikapotea, majina yakapotea, watu wakapanga tena mistari kuomba duplicata. Na ile karte ndiyo kitambulisho cha Mkongomani ku bariere, ku benki, kila pahali. Kama karte chache zingekaa kwanza ndani ya mfuko wa mvuvi mwezi mmoja, na jasho na maji ya ziwa, wino ungesema ukweli wake mapema.

Mutazame namna wengine wamefanya. M-Pesa, ile ya kutuma pesa ndani ya telefone, haikuanza kubwa. Kule Kenya mwaka 2005 walifanya jaribio na watu wasiofika 500 na maduka machache. Wazo la kwanza lilikuwa kusaidia watu kulipa mikopo midogo. Walipotazama, wakaona watu wanaitumia kwa kazi ingine: kutumiana pesa wao kwa wao. Hawakuwagombeza watu eti munatumia vibaya. Walibadilisha mradi ufuate watu, na mu Machi 2007 wakafungua kwa inchi nzima. Leo hata mvuvi wa hapa anajua maana ya pesa ndani ya telefone. Jaribio dogo, masikio makubwa. Sisi tunasema: muchukue shimo moja, watu thelathini, miezi mitatu. Mukishinda pale, mutatukuta mlangoni tukingoja.

La tano: rezo ikikosa, moto ukizimika, munafanya nini? Mahagi-Port haiko Kinshasa. Stima yetu ni plake ya jua na jenereta, na esanse inapanda bei bila kubisha hodi. Pengine rezo inayoshika hapa pwani ni ya Uganda. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Albert yalipanda, yakaingia ndani ya nyumba za watu. Kompyuta iliyowekwa chini ingeogelea. Mwenye mradi anapashwa kuhesabu mabaya mbele hayajafika. Tarehe 13 Desemba 2018, siku chache mbele ya uchaguzi, moto uliwaka ndani ya depo ya CENI pale Kinshasa na ukaunguza maelfu ya mashini za kupigia kura. Siku ya kura ikasogezwa kutoka tarehe 23 mpaka 30, na wakatafuta mashini zingine za kujaza pengo. Mtu afikiri anavyotaka juu ya ile uchaguzi, lakini bila mashini zingine Kinshasa haingepiga kura ile siku. Sisi hatuombi depo. Tunaomba kitabu cha karatasi, chenye majina yale yale, kikae mu biro, kiandikwe na kalamu. Kompyuta ikilala, kazi isilale.

La sita: mashini ikikosea, mtu anasema wapi? Hapa tunaomba msome polepole, ju ni neno la wafanyakazi wote. Uingereza ilikuwa na programu inaitwa Horizon, iliyotengenezwa na Fujitsu, ya kuhesabu pesa ku biro za posta. Kompyuta ilionyesha pesa inakosekana. Wakubwa wakaamini kompyuta, hawakuamini mtu. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 wenye kuendesha biro za posta walihukumiwa kama wezi. Wengine walifungwa, wengine waliuza nyumba kulipa pesa ambayo hawakuiba, wengine walikufa na ile haya. Mwenzao mmoja, Alan Bates, alikusanya wengine, wakawa 555, wakaenda pamoja ku tribinali, na mwaka 2019 hakimu akasema wazi kwamba programu ilikuwa na makosa. Ilifika 2024 ndipo bunge likapitisha sheria ya kufuta zile hukumu. Hii ni Uingereza, inchi yenye avoka kila kona. Fikiri mchimbaji wa hapa, ambaye kompyuta inasema hayuko ndani ya listi, ama inasema alileta gramu tatu na yeye alileta tano. Atakwenda wapi? Mradi usiokuwa na mlango wa kulalamikia, na siku zilizohesabiwa za kujibiwa, ni mtego.

Tena kompyuta inasoma chenye wameiambia, basi. Kule Kivu na Katanga, magunia ya koltani na kasiterite yanafungwa etiketi zenye namba, mfumo wa iTSCi, ili mnunuzi ajue jiwe limetoka shimo gani. Mwaka 2022 shirika la Global Witness liliandika kwamba mawe ya mahali pengine yalikuwa yanaingizwa chini ya zile etiketi. iTSCi walikataa hayo. Sisi hatuko tribinali. Lakini kila mchimbaji anaelewa: namba iko juu ya gunia, haiko juu ya jiwe. Kama hakuna mtu mwaminifu anayelipwa vizuri pale shimo linapofunguka, etiketi itafungwa juu ya gunia lolote.

La saba, na hapa hatuchekeshi: listi itakaa wapi, na nani ataisoma? Fishi ya mara ya kwanza iliuliza kabila. Tunauliza tena: dhahabu inapimwa na kabila? Tuko Ituri. Tangu tarehe 6 Mei 2021 tuko chini ya état de siège, na mbele ya pale tulikuwa tumeisha kuzika wengi. Kila mtu wa hapa anajua karatasi yenye jina, kijiji na kabila inaweza kufanya nini ikianguka mikononi mwa mtu mwenye silaha. Kompyuta inaibiwa, tablete inanyang'anywa njiani, kopi inapigwa ku kibanda cha foto bila mtu kujua. Sheria ya kwanza ya mwenye akili ni hii: usiandike chenye hukihitaji. Jina, namba, shimo, ile inatosha. Kabila itoke. Kijiji cha kuzaliwa kitoke. Kama mfadhili anavitaka kwa sababu zake, atuandikie ile sababu na aweke sahihi chini.

Tunajua watajibu nini. Watasema: wanunuzi wa nje wanataka dhahabu inayojulikana ilipotoka; bila mfumo, dhahabu ya Ituri itaendelea kuvuka mpaka kimagendo, Leta inakosa, na nyinyi munalipwa bei ya mwizi. Hii ni kweli, hatuikatai. Dhahabu inavuka, kila mtu anajua, na aliyeichimba ndiye anabaki na kidogo. Ndiyo maana tunataka mfumo unaofanya kazi, tusipewe mfumo wa kupigia picha. Mradi mbaya ni mbaya kushinda kukosa mradi, ju ukianguka, watu hawataamini wa pili wala wa tatu. Mara ya kwanza vijana walipanga mstari wakiimba. Safari hii, tukipita ku mashimo, tunasikia: "Batu wa picha wamerudia tena?"

Watasema pia: wakati ni mfupi, wafadhili wataondoka, tuite vijana wengi tumalize haraka. Frederick Brooks, aliyeongoza kazi ya programu kubwa ku kompani ya IBM kule Marekani, aliandika mwaka 1975 kwamba kazi ya programu iliyochelewa, ukiiongezea watu, inachelewa zaidi, ju wale wapya lazima wafundishwe na wale waliokuwa wakifanya kazi. Mchimbaji hahitaji kitabu kwa ile. Shimo ni jembamba. Ukishusha watu ishirini pahali pa wanne, hakuna anayepata nafasi ya kuinua piki, na hewa inaisha.

Kwa vijana wetu waliosoma informatique, wale wanaorudi kutoka Bunia na diplome na kukaa pwani wakingoja mashua, tuko na neno. Hii kazi ni yenu. Msingoje mtu atoke mbali na jile. Mje ku biro ya sendika, mutusaidie kuandika shida, kuchora hatua moja moja, kujua kila hatua inaisha siku gani. Kitu kikiharibika, mubadilishe kimoja kwa wakati, muandike mulichobadilisha, mutazame. Mwenye kubadilisha vitu vitano pamoja hatajua kilichoponya. Na muulize wale wanaofanya kazi chini; mama anayeponda mawe anajua listi inakosea wapi kushinda injenieri wa Kinshasa.

Basi chenye tunaomba si kikubwa. Mbele ya tablete moja kushuka, watuletee karatasi yenye majibu ya maulizo saba, kwa Kiswahili, yenye jina na sahihi ya mwenye mradi. Ibandikwe pale bandarini, kila mtu asome, na asiyejua kusoma asomewe. Tufanye mkutano siku wavuvi na wachimbaji wote wako, isiwe siku ya kazi. Tuchague pamoja shimo moja la jaribio. Na SAEMAPE pamoja na Division ya Mines wawepo, ju karte ya sheria iko yao, hatutaki karte mbili zinazogombana juu ya mtu mmoja.

Mpaka ile karatasi ifike, tunaomba memba wetu wote: msitoe mchango, na msikubali kupigwa picha kwa siri ku mashimo. Anayewaambia jina litapotea, mumtume ku biro. Kitabu chetu cha kalamu kiko mezani, majina yako ndani, na kila mtu anaweza kuja kutazama kama lake limeandikwa sawa.